Kwa Mamlaka Husika: Shule Umefunga, Watoto Je?

Kwa Mamlaka Husika,
Popote Ulipo.

YAH: MAOMBI YA UKURASA WA PILI

Sisi wazazi wa pwani ya Kilwa tuna neno.

Tunakuandikia kwa jina hilo kwa kuwa ndilo tulilopewa. Shule ikifungwa, tangazo hutuagiza tuwasiliane na mamlaka husika. Kijijini tunaambiwa yupo kata. Kata wanasema yupo wilayani. Wilayani wanasema yupo Dodoma. Na Dodoma, kila wakihojiwa redioni, wanasema mhusika wa kwanza ni mzazi. Kwa hiyo huenda tunajiandikia wenyewe, lakini tutajitahidi kuwa na adabu.

Kwanza, pongezi. Kwa kufunga huna mpinzani. Mwishoni mwa Januari 2020 Mto Matandu ulifurika, Njinjo na vijiji jirani vikaingia maji, watu wakahama na watoto wao mgongoni. Hata matope hayajakauka, tarehe 17 Machi Waziri Mkuu akatangaza kufungwa kwa shule nchi nzima kwa ajili ya korona. Mto ulikutangulia kidogo tu. Siku 30 zilizotangazwa zikazaa nyingine, na milango ikafunguliwa tarehe 29 Juni.

Katikati hapo hukutuacha hivihivi, ulitupa masomo redioni na kwenye televisheni. Tulisikiliza kwa heshima zote, siku ambazo betri zilikuwepo. Bahati mbaya kipindi cha sehemu na desimali kilikuja mwanafunzi yupo juu ya dungu, anaamia mpunga. Wengine walikwenda dago, kwenye kambi za wavuvi, wakaonja kushika hela yao wenyewe, na shule ilipofunguliwa ikabidi tuwabembeleze warudi kushika kalamu. Binti aliyepata mimba katika likizo ile alijifungua baada ya miezi tisa kama kawaida. Ruhusa ya kumrudisha darasani ilitoka Novemba 2021. Tunaelewa, mambo mazuri hayataki haraka.

Pili, tunaomba kujifunza kutoka kwa wenzetu wanaohudumiwa vizuri. Wa kwanza ni gesi ya Songo Songo. Tangu 2004 inasafiri kwa bomba, inatoka baharini pale Somanga mpaka Dar es Salaam, masika na kiangazi, na hatujasikia ikiambiwa isubiri maji yapungue. Wa pili ni malori. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya kusini, Waziri wa Ujenzi mwenyewe alikuja kuweka kambi huku mpaka magari yakapita. Hatuyaonei wivu malori, yanatuletea unga. Tunauliza tu kama mtoto wa darasa la nne naye anaweza kuandikishwa kuwa lori, angalau kwa msimu wa masika.

Wa tatu ni magofu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalipokuwa yanabomoka, UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakakaguliwa na kukarabatiwa, hadi yakatolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Nyumba zisizo na mkazi zilifuatiliwa miaka kumi. Mwanafunzi aliyefungiwa shule, baada ya wiki mbili hakuna anayejua amelala wapi.

Tusieleweke vibaya. Hatuombi shule zisifungwe. Ukuta ukipasuka au maji yakifika madirishani, funga, tena usisubiri jengo lianguke. Tunachoomba ni kwamba waraka unaofunga shule uwe na ukurasa wa pili, ulioandikwa siku hiyohiyo. Ukikosa mwandishi, sisi tumeanza:

Moja. Itajwe shule itakayowapokea watoto, na itajwe watavuka vipi kufika huko. Kama ni mtumbwi, ijulikane nani anamlipa mwenye mtumbwi na nani anawasimamia wadogo.

Mbili. Mwalimu mkuu awahamishe wanafunzi wote kwa orodha moja. Usimfanye kila mzazi apande bodaboda kufuata muhuri wake. Wa darasa la saba washughulikiwe kwanza, maana mtihani wa Septemba haujui habari za mafuriko.

Tatu. Mtoto asirudishwe getini kwa sababu ya sare. Kaptula yake imekwenda na maji, na baba yake anatafuta bati kwanza.

Nne. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka imfuate anakohamia. Ni pesa ndogo, haitamlemea njiani.

Tano. Uji wa shule uhamie nao. Kwa baadhi yao ndicho chakula cha mchana, na wenyeji wanaowapokea nao wana watoto wa kulisha.

Sita. Shule ikifunguliwa, majina yaitwe kwa daftari la zamani. Asiyeitika afuatwe nyumbani, dago au shambani, wiki hiyohiyo, kabla hajawa mvuvi kamili au mke wa mtu.

Utasema fungu hakuna. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, nchi hii ilijenga madarasa 15,000, na 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi, shule ndogo za kuwasogezea watoto masomo karibu na nyumbani. Yalijengwa kwa miezi, wala hayakuhitaji karne. Kumbe ukitaka, unaweza. Ukurasa wa pili hauhitaji hata tofali. Unahitaji karatasi moja na mtu wa kuulizwa.

Masika huku huanza Machi. Tunaomba ukurasa huo uandikwe kabla ya hapo, na usomwe kwenye mkutano wa kijiji.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, pwani ya Kilwa