Ini Lisilo na Maoni

Tumbo lilinisokota wiki nzima, nikaenda kupigwa ultrasaundi katika hospitali moja ya Kibaha. Majibu nikapewa Ijumaa saa tisa, daktari keshaondoka; njoo Jumatatu. Nikaisoma karatasi palepale kwenye benchi. Ini: "unremarkable". Nyongo: "unremarkable". Bandama, figo zote mbili, vivyo hivyo. Ugonjwa gani huu uliopita kila chumba bila kuruka?

Kiingereza changu kinaishia kwenye mabango ya Maili Moja. Basi Jumamosi nikapanda gari hadi Mbezi, nikaunga Gongo la Mboto, nikapandisha vilima vya Pugu hadi Kisarawe kwa mjomba, mwalimu mstaafu. Akavaa miwani, akalikata lile neno vipande kama muhogo.

"Remarks unaijua, mjomba. Ile safu ya mwisho kwenye ripoti ya shule: amejitahidi, aongeze bidii. Sasa hapa wametia 'un' mbele. Maana yake mtaalamu kaliangalia ini lako, akakosa hata la kuandika."

Na hata anayeshika mkia darasani huandikiwa aongeze bidii! Mkaza mjomba akabandika sufuria ya mwarobaini bila kuuliza. Kufika magharibi walishakuja watu sita kunijulia hali, na binamu yangu mmoja, kwa sauti ya huruma kabisa, akataka kujua kadi ya bodaboda yangu naiweka wapi.

Jumatatu daktari akapitisha kidole kwenye karatasi, akacheka. "Uko vizuri. Hatukuona cha kutilia shaka, ndiyo maana yake."

Kumbe ni sifa! Mtaani ukimwambia mtu kwamba hana la kusemwa, umemtukana. Hospitalini ndiyo habari njema, pacha wa "negative", ambayo nayo kuna wanaoipokea kwa kilio. Tumbo lenyewe lilikuwa gesi. Nikaambiwa nipunguze maharage ya usiku.

Sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu mwaka 2021. Mshtakiwa anasomewa kosa lake akalielewa; mimi mwenye ini langu nalisafirisha hadi Kisarawe likatafsiriwe. Mjomba, kwa taarifa yenu, hajakubali. Anasema daktari alinifariji tu.

Waheshimiwa madaktari, "unremarkable" ina herufi 12. "Kawaida" ina 7. Okoeni wino, na sisi mtuokoe na mwarobaini.