Valvu Zimenishinda Tabia

Jirani, wewe unayepigia gitaa kwenye amplifaya ya transista, mshukuru Mungu usiku na mchana. Unachomeka, unapiga, unachomoa, unakwenda zako kula mishikaki. Mimi nina ya valvu. Ya zamani, inabebwa na watu wawili, mmoja analalamika. Ndiye mimi. Aliyeniuzia aliapa kwamba utamu wa sauti yake hauna mpinzani. Utamu upo, sikatai. Ila mpaka uupate, shati limelowa.

Wiki hii imeanza kulia kengele. Niko zangu kwenye rumba, mpiga besi akigusa nota ya chini tu, ngiiiing! Mhudumu akitua kreti la soda, ngiiiing! Mwenye baa akanifuata jukwaani, mbele za wateja: "Mzee, hiyo solo ya kengele umeitunga lini?" Watu wakacheka. Mpiga dramu naye akacheka, na nauli iliyomleta nimemkopesha mimi.

Nikakodi bajaji mpaka Gerezani kwa fundi redio. Hakushika hata bisibisi. Kawasha, kaongeza sauti, kachukua penseli, penseli ya shule hii hii, akaanza kugongagonga zile valvu ndogo, moja moja. Tk. Tk. Ngiiiing! "Huyo hapo." Kumbe vyuma vya ndani vimelegea, kila mtikisiko valvu inaudaka, imegeuka maiki. Sasa nimlipe mtu kwa kazi ya penseli? Nikalipa.

"Katafute ECC83." Nikazunguka Kariakoo jua la saa saba. Mwenye duka mmoja akanitolea 12AX7. Nikamwambia asinifanye mshamba, najua ninachotaka, nikatoka kwa madaha. Fundi akaniangalia kwa huruma. "Kijana, ni kitu kile kile. Wazungu wa Ulaya wanaiita hivi, Wamarekani vile." Kijana! Na mvi zote hizi. Narudi dukani, jamaa ananisubiri anatabasamu. Bei imepanda.

Nikadhani yameisha. Nikamsifia fundi zile kubwa za nyuma, EL34, siku hizi zinavyowaka, bati lote la ndani jekundu. Juzi niliomba taa za jukwaa zizimwe watu wafaidi. Fundi akashika kichwa. Eti ule mwanga wa chungwa katikati ndio halali, unatoka kwenye waya wa kupashia moto. Bati la kijivu linalouzunguka likiiva, ujue bayasi imepotea, umeme unapita kupita kiasi. Zima hapo hapo, la sivyo valvu inakufa na kuondoka na transfoma.

Nikatoa ya akiba, naitunza kabatini. Ina doa jeupe kwenye kioo, nilidhani vumbi, nimelifuta sana kwa kanga ya mama watoto. Fundi hakutaka hata kuichomeka. Doa lile hutakiwa liwe la rangi ya fedha. Likigeuka jeupe, hewa imeshaingia. Miezi yote hiyo nafuta maiti.

Basi nikapeleka mkono ndani nimsaidie. Kofi, paa! Mbele ya vijana wake. "Nimechomoa plagi, mzee!" "Umechomoa ukutani, hujachomoa humu." Kapasita, jirani, zinabaki na mamia ya volti hata kama plagi umeitia mfukoni. Mpaka azimwage kwanza ndipo mtu anagusa. Nikakalia mikono.

Halafu EL34 zenyewe hazinunuliwi mojamoja. Lazima jozi, iliyopimwa ikaonekana zinavuta umeme sawasawa, kisha bayasi irekebishwe upya. Ile ndogo ulichomeka tu ukaendelea na maisha. Kubwa zina masharti kuliko wakwe.

Jozi sijaipata. Jumamosi nitachomeka kwenye amplifaya ya mpiga kinanda, na ameshatangaza atanitoza kwa kila wimbo. Ukiwa na mjomba mwenye EL34 mbili zinazolingana, nibipu. Nitapiga mwenyewe, nikipata vocha.