Jinsi ya Kupima Hisa za Migodi kwa Mizani ya Misisi

Shemeji yako wa Ubelgiji akikuuliza kama hisa za mfuko wa uwekezaji wa migodi zina bei ya haki, usimwambie huna elimu hiyo. Hesabu ni fupi: mali zote za mfuko, toa madeni, gawa kwa idadi ya hisa. Ikitoka 100 na sokoni hisa inauzwa 90, kuna punguzo la asilimia 10. Mwambie anunue, kisha mwende mkale.

Akisita, mpeleke kwa negosian yeyote, yaani mnunuzi wa dhahabu, hapa kwetu Misisi, Kongo, atazame dhahabu ikipimwa kwa njiti za kiberiti au sarafu kuukuu. Mizani ikiwa ya mnunuzi, dhahabu huwa nyepesi. Mizani ya meneja wa mfuko ina ugonjwa wa kinyume: mali isiyo na bei ya sokoni huikadiria yeye, na ada yake huhesabiwa kwa ukubwa wa mali. Ile 90 imetoka sokoni. Ile 100, Mungu na meneja ndio wajuao.

Sasa utajiri ulio chini ya ardhi. Hapa jirani, kwenye mradi wa Akyanga, kuna zaidi ya aunsi milioni 3 za dhahabu katika makaratasi, kwa daraja la makadirio ambalo wanajiolojia wenyewe huliamini kwa uchache kabisa. Zidisha kwa bei ya leo. Usitoe gharama ya barabara ya mji wa Baraka wakati wa mvua, wala vizuizi vya njiani, wala wachimbaji ambao tayari wamo humo na sululu zao; vitakuharibia jumla. Kampuni ya Banro ya Kanada nayo ilikuwa na aunsi nyingi, kwenye migodi ya Twangiza na Namoya. Mwaka 2017 Namoya ilisimama kwa ukosefu wa usalama, na Desemba kampuni ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Dhahabu ya ardhini haikupungua hata gramu; kilichopungua ni hisa.

Wakubwa nao hufanya kama PDG wa shimo, yaani mfadhili wake, anayelisha wachimbaji maharage na unga akingojea mwamba uonekane. Mfuko wa BlackRock World Mining Trust, ulioko kwenye soko la hisa la London tangu 1993, ulilipa dola milioni 110 mwaka 2012 ili upate fungu la mapato ya chuma cha Marampa, Sierra Leone. Bei ya chuma ikaanguka, na mwaka 2014 London Mining, mwenye mgodi, ikafilisika. Maharage yalikuwa yameshaliwa.

Punguzo likifika asilimia 20, muulize muuzaji kwa nini anaachia. Akijibu, "Shida za nyumbani tu, ndugu yangu," mwambie shemeji arudishe pesa mfukoni. Hivyo ndivyo husema kila anayeuza fungu la shimo ambalo maji yaliingia jana usiku.