Tarakimu Sitini za Mama Mdogo

Mita ya LUKU tuliyoizoea, ile ya umeme wa kulipia kabla, haina intaneti. Simu ikitaka kuboreshwa inaomba bando na chaji, inajizima, inajiwasha, na asubuhi unakuta imehamisha kila ulichokizoea. King'amuzi nacho kinapokea mambo yake kutoka angani huku kikikuonya usikizime. Mita ya ukutani haina wa kuiletea habari ila vidole vya mwenye nyumba. Basi mwaka 2024 zamu yake ya kuboreshwa ilipofika, mtandao tulikuwa sisi wenyewe: midomo, masikio na salio la kuungaunga.

Kisa chenyewe ni cha hesabu. Kila tokeni ya umeme, zile tarakimu 20 unazopewa ukinunua, ndani yake umefichwa wakati ilipotengenezwa, unaohesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993. Ndivyo mita inavyoijua tokeni iliyokwisha kutumika, usije ukairudia kesho. Lakini nafasi ya kuandikia dakika hizo inabeba milioni 16 na ushei tu, na ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Si kwetu Kilwa peke yake. Mita za mfumo huu kote duniani, uliozaliwa Afrika Kusini, zilikuwa zinaisubiri siku hiyo hiyo. Programu dhibiti, yaani ile akili ndogo inayofungiwa ndani ya kifaa kiwandani, haikuguswa. Kilichohitajika ni kuibadilishia mita funguo zake za siri na kuianzishia hesabu mpya ya kuanzia 2014. TANESCO, shirika la umeme, wakatangaza: ukinunua umeme utaletewa tokeni tatu, mbili za kwanza za kuboresha mita, ya tatu ndiyo umeme wenyewe, na ziingizwe kwa mpangilio huo.

Tarakimu sitini! Mama mdogo wangu anakaa Kilwa Kivinje, ana simu ya batani, na miwani yake ilikuwa kwa fundi, Kilwa Masoko. Umeme ananunuliwa na mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Ikaamuliwa mtoto asome kwenye simu, jirani arudie kwa sauti pale mlangoni, mama mdogo abonyeze. Mimi nilikuwa barazani nangoja chai, ambayo nayo ilikuwa inangoja umeme.

"Tano mbili," akasema mtoto.

"Tano, mbili," akarudia jirani, na mama mdogo akabonyeza tano, kisha mbili. Kumbe mtoto alikusudia tano na tano, zikifuatana. Mita ikakataa.

"Mama, nimesema tano mbili!"

"Na mimi nimeweka nini, baba? Si tano na mbili?"

Wakaanza upya. Walipofika katikati akapita muuza samaki na baiskeli yake, ananadi: "Elfu tatu! Elfu tatu!" Jirani, mtu asiyeacha neno lianguke chini, akatangaza tatu. Mita ikakataa tena. Samaki wakanunuliwa.

Katikati ya hayo pakazuka hofu kwamba uniti zilizobaki zitaliwa. Hazikuliwa, umeme uliokwisha kuingia kwenye mita ulibaki pale pale. Ila siwalaumu watu wa Kilwa kwa kuguna. Masultani wa Kilwa Kisiwani walifua sarafu zao za shaba, zenye majina yao, karne nyingi kabla ya benki kufika pwani hii. Mtu wa asili hiyo ukimwambia mali yake ni namba kwenye meseji, mwache agune kwanza.

Aliyeumia kweli ni mjomba. Yeye alinunua umeme mapema, akaiandika tokeni kwenye kikaratasi, akakitia ndani ya kofia: akiba ya Ramadhani. Baadaye akanunua mwingine, akaboresha mita yake vizuri bila msaada wa mtu. Ramadhani ilipoingia akakitoa kikaratasi chake, akabonyeza kwa utulivu wa mtu mwenye akiba. Mita ikakataa. Tokeni ile ilifungwa kwa funguo za zamani, na funguo zilikwisha kubadilika.

"Papa mkavu anakaa miezi," akafoka, "umeme unaozaje?"

Tukamshauri aende ofisini na risiti yake. Risiti nayo ilikuwa kwenye kofia nyingine.

Pamoja na vituko vyote hivyo, mimi naisifu mita kuliko simu. Simu inajibadilisha usiku umelala. Mita ilimwomba mama mdogo ruhusa mara sitini.

Sasa neno kwenu mlio mjini na nyumba zenu za Kilwa na Lindi zimefungwa tangu kabla ya Novemba 2024: mita isiyoingiziwa zile tokeni mbili haitaipokea ya umeme. Mkija sikukuu msianze kugombana na fundi. Ingizeni ya kwanza, kisha ya pili, halafu ya umeme. Na anayesoma aseme "tano, tano", asiseme "tano mbili".