Breki Laini Lumuma: Washukiwa Saba, Kuanzia Anayeonewa

Pikapu ikishapakia vitunguu Lumuma, kazi kubwa iliyobaki ni kushuka milima kuelekea Kidete na Kilosa. Ni hapo ambapo pedeli ya breki ikilainika, kijiwe kizima kinageuka gereji. Mmoja anasema masta silinda, mwingine anasema busta, na wa tatu anauliza kwanza una shilingi ngapi ndipo autaje ugonjwa. Kabla hujatoa hata senti, ikanyage pedeli uisikilize. Kila ugonjwa una namna yake ya kulalamika. Tuhesabu kwa kurudi nyuma.

7. Busta
Huyu anasingiziwa. Busta akifa, pedeli inakuwa ngumu, hailainiki. Mpime bure: zima injini, kanyaga mara nne au tano mpaka pedeli ikaze, iache chini ya mguu, kisha washa. Ikishuka kidogo, busta ni mzima. Aliyekuambia umbadilishe huenda anaye mmoja dukani.

6. Kalipa zilizohama
Ni sababu adimu, lakini ikitokea inakula siku nzima. Fundi kafungua kalipa za mbele, kazirudisha ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Sasa kinati cha kutolea upepo kinatazama chini, na upepo kwa tabia yake hukaa juu. Mtapampu mpaka jua lizame, kisha mtaambiwa gari ina jini. Jini hana spana. Hakikisha kinati kiko juu ya kalipa.

5. Hozi zilizochoka
Shika hozi ya mpira iliyo karibu na gurudumu, mwenzako akanyage kwa nguvu. Ikitutumka kiganjani, nguvu ya mguu inaishia hapo, haifiki kwenye breki. Badilisha za magurudumu yote mawili ya upande huo wa gari, mbele au nyuma, maana zimezeeka pamoja. Kuifunga hozi kwa mpira wa tyubu si matibabu, ni sanda.

4. Viatu vya nyuma
Pikapu nyingi nyuma zina dramu. Viatu vikilika visirekebishwe, vinakaa mbali na dramu, na mkanyago wa kwanza wote unaishia njiani. Dalili yake haifichiki: kanyaga mara mbili haraka haraka, ya kwanza inashuka sana, ya pili inapanda na kukaza. Inua gari kwa jeki, zungusha kirekebishi mpaka gurudumu likwaruze kidogo, kisha legeza kidogo. Gharama ni bisibisi na jasho. Na ninyi mnaoegesha kwa jiwe badala ya breki ya mkono: kwenye pikapu nyingi, kuvuta breki ya mkono ndiko kunakokisogeza hicho kirekebishi. Jiwe halirekebishi kitu.

3. Masta silinda
Gari imesimama, injini inawaka. Kanyaga kwa upole ushikilie. Pedeli ikizama taratibu hadi sakafuni na mafuta kwenye kopo hayapungui, basi yanapita kando ya mipira ya ndani ya masta. Kopo likipungua na chini ya gari hakuna tone, kagua pale masta inapokutana na busta. Huenda busta anakunywa kimyakimya.

Mipira hiyo huuawa mapema na anayejazia oili ya injini. Haipatani nayo kabisa, inavimba na kulegea. Yuko pia mtaalamu wa maji ya sabuni. Huyo breki zake zitakuwa safi sana. Kusimama ni habari nyingine.

2. Mafuta yaliyochemka
Umeondoka na pedeli nzuri, umefika chini ya mlima inabonyea. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Kwa kiwango, DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205. Ikishanyonya maji, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika kirahisi.

Joto lenyewe si la mchezo. Tani 3 zikishuka mita 500 kwa wima zinatoa joto la kutosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20. Ukishuka frii kwa kubana mafuta ya gari, joto lote hilo unalikabidhi breki. Ingiza gia namba mbili, injini nayo ifanye kazi. Halafu kuna lumbesa. Gunia la kisheria mwisho wake ni kilo 100. Kinachozidi mnunuzi hakilipii, kinalipiwa na mkulima na breki.

Pedeli ikibonyea mteremkoni, simama, ziache breki zipoe, usizimwagie maji. Pedeli itarudi juu. Usiiamini: mafuta ni yale yale. Yabadilishe, na baada ya hapo kila miaka miwili.

1. Upepo
Bingwa wa siku zote. Pedeli inabonyea, ukipampu inapanda. Suka atakwambia, "Gari yangu nimeizoea, napampu mara tatu inashika." Wewe umeizoea, lakini swala anayekatiza barabara ya hifadhi pale Mikumi hajaizoea, na ukimgonga kuna faini.

Upepo hauingii kwa uchawi. Ama kopo lilikauka, ama kuna aliyefungua mfumo, ama panavuja. Chungulia upande wa ndani wa kila gurudumu. Vumbi likiwa limegeuka tope jeusi, wili silinda inalia. Tibu hilo kwanza, ndipo utoe upepo, kwa kawaida ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta.

"Pampu!" "Nimepampu." "Shikilia!" "Nimeshikilia." Fundi analegeza kinati, mapovu yanapita kwenye mpira unaoonyesha ndani, uliozama kwenye chupa yenye mafuta safi. Hapo simu ya dogo anayekanyaga pedeli inalia, anainua mguu kabla kinati hakijafungwa, na upepo unarudi nyumbani. Mnaanza upya. Simu ikae kwa fundi, kopo lisikauke, na yaliyotoka yasirudishwe.

Kazi ikiisha, pedeli ikae juu, ngumu, hata ukiikandamiza dakika nzima. Fundi akisema imepona, mpandishe mbele mwende wote mteremko wa kwanza. Akikumbuka ghafla kwamba kuna nati hakuikaza, usimgombeze. Mpe spana.