Majibu kwa Waliorudi Unguja

Barua tatu zimetuwasilia mwezi huu, zote mintarafu ya marejeo ya mtu katika mji aliouacha zamani. Nasi, ijapokuwa hatujapata kusafiri kupita Chumbe, tunazijibu kwa ujasiri wa kila mshauri ambaye yaliyomfika mwulizaji hayajamfika yeye.

*Nimerudi kutoka Maskati baada ya miaka 27. Kiponda ndiko nilikozaliwa, walakini juzi nilipotea humo humo Kiponda, na papasi mmoja akanifuata akininenea Kiingereza, ataka kunipeleka Kizimbani nikaoneshwe mkarafuu! Nimefedheheka. — Mwenyeji*

Ndugu Mwenyeji, kabla hatujamlaumu kijana anayetafuta riziki yake, na tutazame alikukuta katika hali gani. Wakiri mwenyewe, katika ukurasa wa pili, kwamba ulikuwa umesimama katikati ya njia, chupa ya maji mkononi, ukistaajabia misumari ya shaba ya mlango wa watu. Na katika Mji Mkongwe, tangu ulipotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2000 na hata kabla yake, hapana mwenyeji atazamaye milango, kwa kuwa macho yake yana shughuli ya kuilinda miguu na vespa itokayo pembeni bila ya honi. Twakubali kwamba zama zako mtu aliyepotea alitoka pwani akaitafuta Beit el Ajaib, na kwamba sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 pasi na kungoja urudi. Lakini kanzu uliyoivaa kesho yake ili ujisitiri ndiyo iliyokufichua zaidi, maana ina kishada shingoni, na kishada hicho, pale Darajani, husema "Maskati" kabla hujatoa salamu. Shona nyingine. Na papasi akikusogelea tena, muulize yeye ni mtoto wa nani; swali hilo mtalii haliulizi, na yamkini ikadhihirika kwamba bibi yake ndiye aliyekuwa akikuogesha.

*Niliwaletea jamaa zangu haluwa ya Maskati, yenye zafarani na marashi mawaridi. Wameila yote, kisha wakasema ya Wete yaishinda. — Mvunjika Moyo*

Wamesema kweli. Safari ijayo lete simu.

*Sisi ni wanabaraza wa Mkunazini. Sahibu yetu aliyerudi hamalizi kikombe cha kahawa bila ya kusema "sisi kule". Saa yake ya mkono ingali ya Maskati, inayoitangulia yetu kwa saa nzima, na kila mwadhini aadhinipo humshutumu kwa kuchelewa. Tumfanyeje?*

Mabwana, mstahimilini. Kule alikokuwa aliitwa Mzinjibari, na hapa, tumepata habari, mnamwita Mmanga akishawapa kisogo. Na hatuna shaka hata chembe kwamba kwa miaka yote hiyo wenzake wa Maskati walichoshwa na "sisi kule" hiyo hiyo, ila wakati ule kule ilikuwa ni Forodhani, na pweza, na maembe ya msimu. Saa yake msiiguse. Atairudisha nyuma mwenyewe, siku atakapochoka kuwahi msikitini na kuukuta mlango umefungwa.

Hadi siku hiyo, kahawa alipe yeye.