Faili Lipewe Jeneza

KWA: OFISI INAYOHUSIKA
KUPITIA: AFISA ALIYETOKA KIDOGO
KUH: MALIPO YA ASKARI ALIYEFIA KAZINI

Kwa heshima na taadhima, wajane wa maaskari wa Nakuru na viunga vyake wanaisalimu Ofisi na kuitakia afya njema. Kwanza wanashukuru kwa mazishi. Hakuna anayeweza kuyatoa kasoro. Jeneza lilifunikwa bendera, msafara ulipiga ving'ora kutoka mochari hadi kaburini, wakubwa walifika na miwani yao myeusi, na kila aliyeshika kipaza sauti aliahidi kwamba familia haitaachwa peke yake. Ahadi hiyo imetimizwa. Familia haijawahi kuwa peke yake hata siku moja: iko na mlinzi wa langoni, karani wa dirishani, na foleni ya familia nyingine zilizoahidiwa vivyo hivyo.

Ili kuirahisishia Ofisi kazi, ikumbushwe kwamba marehemu hawa hawakufia usingizini. Novemba 10, 2012, zaidi ya polisi 40, wakiwemo wa akiba, waliuawa Bonde la Suguta karibu na Baragoi walipokwenda kufuata ng'ombe walioibwa. Wengi wao walikuwa vijana waliovaa sare juzijuzi tu. Mwaka 2014, shambulio la Kapedo likachukua polisi wengine wapatao 20. Desemba 10, 2016, lori lililobeba kemikali lilipoteza mwelekeo pale Karai, Naivasha, likagonga magari na kulipuka. Watu wapatao 40 waliangamia, 11 kati yao maafisa wa GSU, kikosi maalumu cha polisi, waliokuwa wakipita njia hiyo. Kila mara nchi nzima ilisimama kwa huzuni. Baada ya wiki moja ikaketi.

Waliobaki wamesimama ni wale ambao Ofisi haiwajui. Msiba ukitokea, hata kabla mwili haujafika mochari, wenzake marehemu waliopita naye chuo cha polisi cha Kiganjo huwa wameshafungua kikundi cha WhatsApp. Konstebo wa Molo anatuma 500. Sajini wa Njoro, mwenye karo ya watoto watatu shingoni, anatuma 1,000 na kuomba radhi kwamba ni kidogo. Mweka hazina ni koplo, na stakabadhi yake ni ujumbe wa M-Pesa. Hakuna anayemtaka mjane alete barua ya chifu kuthibitisha kwamba aliolewa, wala nakala tatu za cheti cha kifo cha mtu ambaye taifa zima lilimwona akizikwa kwenye taarifa ya saa moja. Kukicha, pesa za hema, mchele na basi la waombolezaji zimepatikana.

Hisani ya aina hii si mpya duniani. Huko Detroit, Marekani, miaka ya 1950, mfanyabiashara wa magari aliwaandikia marafiki zake baada ya polisi kuuawa, wakachanga, wakaifuta familia ile machozi. Mtindo ukaenea miji mingine kwa jina la Klabu za Mia. Ila mwaka 1976 bunge lao likapitisha sheria ya kuilipa familia ya askari aliyeuawa kazini dola 50,000 kutoka hazina ya serikali kuu. Mchango ukawa nyongeza. Hapa kwetu mambo yamepinduka: mchango wa konstebo ndio nauli ya mjane kwenda Nairobi kufuatilia haki iliyokwisha kuandikwa kwenye sheria.

Na imeandikwa vizuri mno. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inazungumzia malipo ya hadi mishahara ya miezi 96, na inampa mwajiri au kampuni ya bima siku 90 kulipa tangu dai liwasilishwe. Panapotakiwa hati ya usimamizi wa mirathi, tangazo hukaa kwenye Gazeti Rasmi siku 30, kisha miezi 6 hupita kabla hati haijathibitishwa. Wajane wamejifunza kuhesabu kuliko walimu wa watoto wao.

Ndipo linapokuja ombi kuu, nalo linaletwa kwa unyenyekevu: faili la marehemu lipewe jeneza.

Sababu ni kwamba serikali imethibitisha kuwa inaweza kusafirisha jeneza. Jeneza halilali Gilgil likisubiri sahihi. Haliambiwi kwamba mhusika yuko semina Naivasha. Basi faili nalo lilazwe kwenye sanduku la mbao nzuri, lifunikwe bendera, lipakiwe kwenye Land Cruiser mbele ya maafisa sita waliovaa glavu nyeupe. Pikipiki zitangulie. Matatu zote za barabara ya Nakuru kwenda Nairobi ziwekwe kando, na msafara ukifika Karai usimame dakika moja, kwa kuwa mahali hapo panastahili. Mvua ikinyesha, helikopta itolewe. Imewahi kutolewa kwa mambo madogo zaidi.

Mlangoni pa Ofisi, wasifu wa marehemu faili usomwe kikamilifu. Lilizaliwa Nakuru likiwa na kurasa 11. Likahamishiwa meza ya pili, likakaa huko ujana wake wote. Likaugua ugonjwa wa kukosa muhuri, likapelekwa ghorofa ya tatu kwa matibabu, likarudishwa kwa kuwa jina la kati halikulingana na la kitambulisho. Limeacha mjane mmoja, watoto wanne na fomu zisizo na idadi. Padri aombe, imamu aombe, tarumbeta ilie, mizinga mitatu ipigwe. Huenda wa tatu ukamwamsha karani. Wakubwa wapewe kipaza sauti waahidi wanavyojua, kwa sababu safari hii mhasibu atakuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo. Kaburi lisichimbwe. Kazi ya kuzika mafaili Ofisi inaiweza bila kusaidiwa.

Ofisi ikiona ombi hili ni la dharau, ijiulize nani alianza. Mume wa mtu aliamshwa saa nane usiku akaambiwa panda lori. Hakuuliza lori lina mafuta. Hakuwaambia wezi wa ng'ombe kwamba mfumo hauna mtandao, warudi Jumatatu. Alikwenda, akarudi ndani ya sanduku, na leo mkewe anaketishwa kwenye benchi kama mwombaji, akiulizwa na kijana mwenye simu mkononi kama ana hakika marehemu hakuwa na mke mwingine. Sadaka anapewa na majirani. Kwenu anadai.

Ofisi iwie radhi. Ni joto la foleni. Maombi yaliyosalia ni mepesi. Ile hundi kubwa ya kadibodi ya kupigia picha itengenezwe kwa mabati, ili familia iezeke choo ikisubiri hundi ndogo. Watoto wa marehemu waagizwe wabaki darasa walilokuwamo siku ya mazishi. Wazimamoto, ambao nao hufia kazini na ambao Katiba imewakabidhi kaunti, waelezwe mapema familia zao zitapiga foleni serikali ipi. Na familia za polisi wa akiba kule Baringo, waliolinda mifugo ya watu miaka mingi kwa kujitolea, zisaidiwe hesabu hii: miezi 96, zidisha kwa mshahara usiokuwapo, ni shilingi ngapi?

Siku 90 za kisheria zihesabiwe kuanzia tarehe ya kupokelewa kwa barua hii. Kama Ofisi haina kalenda, koplo yule mweka hazina amesema wanakikundi wako tayari kuchanga ya kuinunua, na wataomba stakabadhi.